Mashua Sitaichoma, Bosire

Bosire, rafiki yangu,

Mimi sasa ni mzee wa karibu miaka sabini. Mjerumani alipopigana na Mwingereza pale Kisii nilikuwa nachunga mbuzi, na bunduki zao nilizisikia kwa masikio haya. Nzige walikuja wakaenda, mimi nipo. Njaa ilikuja ikaenda, mimi nipo. Nimezika wake wawili, na mkoloni mwenyewe amefunga mizigo akaniacha hapa Kebirigo nikipalilia chai. Sikudhani nitakuzika na wewe. Hilo limenikasirisha sana.

Usicheke mwandiko. Herufi nilifundishwa na nyapara kwenye miwa, kule chini Kano, na alinifundisha kwa Kiswahili. Basi nakuandikia kwa Kiswahili. Kigusii ni cha kuongea, na wewe huongei tena.

Tangu tukuzike mambo yamegeuka. Mama wa ndizi sokoni ananiwekea chini niokote mwenyewe, asiguse mkono wangu. Kanisani benchi ninalokaa lina nafasi, na wewe hujawahi kuona benchi lenye nafasi siku ya Sabato. Ndugu zako wanasema wazi, "Waliteremka wawili mtoni. Mmoja amekufa, mwingine ananenepa." Ati nilikuuza kwa maji.

Nikuuze! Mimi ambaye hata kuingia sikutaka. Yule mzungu wa kupima mito uliyekuwa unampikia alipokwenda kwao, alikuachia mashua yake ya turubai, ile inayokunjwa mpaka inaingia kwenye gunia. Kayaki, ukasema. Nikasema hilo ni jeneza la mtu mwembamba. Ukanijibu mbele ya mke wako, "Wewe umejisifu tangu tutahiriwe. Leo nimepata kitu cha kukufunga mdomo." Basi ningefanya nini? Nikaingia.

Kwetu sisi mto ni wa kuvuka tu. Unateka maji, unanywesha ng'ombe, unageuza mgongo. Nani wa ukoo wetu aliwahi kuyafuata maji aone yanakokwenda? Lori ya mawe ilitushusha Tabaka, na wachongaji wa mawe wakaacha kuchonga, nyuso nyeupe kwa vumbi, wakatutazama vile watu hutazama maiti ikipita. Mmoja akapiga kelele, "Wazee, nani amewafukuza nyumbani?" Ukacheka. Mimi sikucheka. Tukateremka hadi mto Kuja.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukwambia ukiwa hai, kwa sababu ungejisifu. Maji yalipotushika yakatuvuta, kitu kiliruka kifuani mwangu kama ndama. Kasia lile lenye bapa huku na huku, kushoto, kulia, mabega yanawaka, na miti inarudi nyuma! Mwili huu umelima, umebeba mizigo, umekata miwa ya watu. Siku zote ulikuwa mwili wa kazi. Sikujua unaweza kwenda mahali bure, kwa kutaka tu kuona kona inayofuata imeficha nini. Na nikiona, nataka nyingine. Hata tulipobeba mashua kichwani kupita maporomoko, mimi ndiye niliyekuwa mbele. Wewe ulikuwa unapumua kama ng'ombe, usikatae.

Halafu milima ikatuacha. Kingo zikalala, miti ikapungua, ndege wakanyamaza wote pamoja. Maji yalitulia mno. Ukaninong'oneza, "Usipige kasia," na tukaelea kati ya macho ya viboko, karibu kiasi kwamba ningeweza kuwatemea mate. Tuliogopa viboko. Tuliogopa mamba, na maji yenyewe, kama watu wote wa milimani. Hatukuogopa kile kidudu kilichoimba masikioni usiku ule, tulipolala kwa Otieno, yule mvuvi aliyetupatia samaki. Alikupa chandarua chake. Ukakikataa. "Nimepika kwenye mahema miaka mingi, mbu wananijua."

Mimi mbu wa Kano waliniangusha mara nyingi nikiwa kijana, mpaka wakanichoka. Wewe damu yako ilikuwa ya huku kwetu Nyamira tupu, ya baridi na ukungu.

Ukarudi nyumbani na kutetemeka kwako. Jua la mchana, blanketi juu ya blanketi, na meno yanagongana. Mganga wa zahanati alisema ni malaria, akasema umechelewa. Siku ile ya mwisho ulishika shati langu ukasema, "Vuta kushoto, vuta, tunagonga jiwe."

Nikavuta, Bosire. Nilikaa kando ya kitanda chako nikapiga kasia hewani, kushoto, kushoto, hadi uso wako ukalegea. Tulipita lile jiwe. Mimi najua tulipita.

Ila Nyangau, mdogo wako, alikuwa anachungulia mlangoni. Aliona mzee anazungusha mikono juu ya mtu anayekata roho. Ndicho anachosimulia kila mahali mpaka Keumbu.

Sasa wazee wa ukoo wamekata shauri. Nile emuma, kiapo chetu kile kinachoua mwongo na nyumba yake. Kisha niichome mashua mbele yao. Kiapo nitakula hata leo, na nitaomba niongezwe. Kuchoma, sichomi. Nikiichoma nimekubali kwamba nilikuua. Na nikiichoma nitakaa hapa nikitazama kijito kilicho chini ya chai yangu kikienda zake Kuja bila mimi.

Mke wako Kemunto alikuja jana, akiangalia nyuma. "Baba Moraa, ichome tu. Hawa watu hawatanii." Nilimwambia mimi simwogopi mtu. Lakini juzi nilikuta nyasi kavu zimerundikwa nyuma ya nyumba yangu. Nyumba yangu ni ya mabati, Bosire. Haihitaji nyasi.

Dereva wa lori ya mawe amekubali kunichukua kesho, ila nikae nyuma na gunia langu, nisimguse. Ziwa ambako Kuja unaishia tuliliona kwa mbali tu, jeupe, ukasema miguu imekufa ganzi, tutalifikia safari nyingine. Nakuahidi nitalifikia. Nikirudi mzima watasema, mnaona, maji ni yake. Nisiporudi watasema maji yamechukua deni. Maneno yao wameshayapika yote mawili, hakuna langu humo. Basi acha niende nikaone hiyo kona.

Lala salama, mtu wa kelele. Nafasi yako ya mbele sitaweka mzigo.

Kwamba nilikupigia kasia na sikukuroga, Kemunto mkeo anajua, alikuwa ameshika miguu yako. Kwamba ulikikataa chandarua, Otieno anajua, naye hana sababu ya kunipendelea. Anayebisha awaulize hao wawili. Mimi nitakuwa majini.