Mlolongo wa Wajane

Al-Hamra, Jeddah

Kwako Mama mpendwa,

Nakusalimu sana, na kabla sijasema lolote nataka kujua magoti yako yakoje, kama ile dawa ya kuchua imekusaidia au umeshampa jirani tena. Na Wawuda mwanangu, anakula vizuri? Mwambie mama yake bado ana nguvu za kumchapa akikusumbua. Mimi ni mzima. Joto la huku linanifanya nione haya kwa vile nilivyokuwa nikililalamikia jua la Voi, lakini ndani ya nyumba kuna baridi ya mashine na madam wangu si mtu mbaya.

Nimeandika kwa karatasi kwa sababu simu yako ni ya boma zima. Nikituma sauti, Baba Mdogo anaisikiliza kabla yako, kisha anakueleza eti nimesema nini. Barua hii anaileta Mama Rukia, yule mama wa Mombasa ninayekutana naye sokoni Balad siku yangu ya mapumziko. Anarudi nyumbani kabisa, na ameniahidi kukuwekea mkononi. Isome peke yako kwanza.

Ujumbe wako wa juzi niliusikia. Kwamba Baba Mdogo na wazee wa kamati ya maji wamepitisha kuwa sasa kila boma litasimamiwa na mwanaume kwenye mlolongo wa uchaguzi wa kamati, na wajane watasimamiwa na mashemeji zao. Kwamba wewe uliyetaka kugombea kiti cha mweka hazina umeambiwa upumzike. Ukamalizia kwa ile sauti yako ya kumbembeleza mgonjwa: "Wacha tu, mwanangu, nisije nikasimama mbele ya watu na nyuma yangu hakuna mtu."

Mama, nilikasirika mpaka nikaunguza kanzu ya bosi, mume wa madam, kwa pasi.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Rima, binti wa hapa, anasoma chuo, na alasiri madam akilala yeye huja chumba cha kupigia pasi kunisomea kazi yake ya Kiingereza, apate kuzoea kuongea mbele ya watu. Wiki hii alikuwa na habari za uchaguzi wa zamani huko Amerika, katika jimbo moja linaloitwa New Jersey, miaka mia mbili na zaidi iliyopita, wakati wakichagua watu wa bunge la jimbo. Nilikuwa namsikiliza nusu nusu, macho yangu yako kwenye kola, mpaka akasema wajane walikuwa wanapiga kura. Nikaweka pasi kando. Nikamwambia yalla, rudia hapo.

Akarudia. Sheria yao ilisema mkaaji yeyote mwenye mali ya kiasi fulani apige kura, na haikusema ni lazima awe mwanaume. Mke wa mtu hakuwa na mali kwa jina lake, kwa hivyo yeye hapana. Lakini mjane alikuwa na shamba lake, na msichana asiyeolewa pia angeweza kuwa na chake, basi wakaenda wakapiga. Hata weusi waliokuwa huru na wenye mali walipiga. Ikawa hivyo miaka mingi, na hakuna mvua iliyokatika kwa sababu yao.

Kisha ukaja uchaguzi wa fujo. Watu wa miji miwili waligombania mahakama ijengwe wapi, na wanaume wakapiga kura mara mbili, mara tatu. Wengine, ati, walivaa magauni wakarudi kupiga tena kama wanawake. Halafu bunge la jimbo likakaa kusafisha uchaguzi. Unajua walimfukuza nani? Wanawake. Na weusi, na wageni. Hao wa magauni wakabaki na kura zao. Na wabunge wenyewe, wengine wao si walikuwa wamechaguliwa na wajane haohao?

Nilicheka, Mama, mpaka Rima akaniuliza kama naumwa. Kwani si ni yetu ile? Uchaguzi uliopita, pale uwanja wa kanisa, watu walipojipanga nyuma ya wagombea, ni nani waliohesabiwa mbele wakazunguka nyuma ya kanisa na kurudi kwenye mkia wa mlolongo? Ni vijana wa Baba Mdogo. Wewe ndiye uliyeniambia kuna mmoja alibadilisha kofia tu, akahesabiwa tena. Hakuna mjane aliyezunguka kanisa. Na leo dawa ya fujo ile imekuwa ni kuwatoa wajane.

Nikamuuliza Rima wale wanawake walikaa nje muda gani. Akasema zaidi ya miaka mia moja. Binti wa mjane alizeeka, mjukuu akazeeka, bado. Mama, mimi nina Wawuda. Sikubali.

Nilimpigia Baba Mdogo. Nilianza kwa heshima zote, nikamsalimia, nikawaulizia ng'ombe. Kisha nikamuuliza zamu yako ya mtaro wa bomba la maji aliichimba kwa jembe gani, maana mimi nakumbuka uliichimba mwenyewe, kuanzia kwenye mwamba hadi kwa mwalimu. Akasema wali wa Waarabu umenipanda kichwani, na ukithubutu kusimama uwanjani atakukatia maji. Nikamjibu polepole, apate kulishika: "Baba, ukikata bomba la mama yangu, nikija likizo nitachota maji mlangoni kwako kila asubuhi, na kila atakayeniuliza kwa nini nitamwambia." Akakata simu.

Unanijua. Kule Riyadh, kwa yule madam wa kwanza aliyeninyima chumba chenye mlango wa kufunga, nilikaa juu ya sanduku langu sebuleni nikasema halas, mafi kazi, yaani basi, hakuna kazi, mpaka kafili aliyenidhamini akachoka akanihamishia ikama, kile kibali cha kukaa, kwa hawa wa Jeddah. Wenzangu walisema nitafungwa. Shingo hii ngumu nimeitoa kwako. Baba alipofariki wakakuambia uhame, wewe ulijifunga kanga ukaenda kupalilia.

Kwa hivyo nenda. Kabla ya siku yenyewe wapitie wajane wenzako mmoja mmoja, nyumbani kwao, si kanisani. Wengine watakuahidi, na siku ile watatazama chini. Usiwachukie, wanalala kwenye nyumba za mashemeji zao na wewe unalala kwako.

Nisalimie shangazi yangu muuza ndizi. Nisalimie kaka yangu Mwakio, na umwambie nikija swali langu la kwanza kwake ni alisimama mlolongo gani. Mkumbatie Wawuda, uende naye uwanjani aone.

Na lile unaloliogopa likitokea, Mama, ukageuka na usione mtu, usiondoke. Watataka kukuruka wakihesabu. Wakatalie. Waje wasimame mbele yako, wakunyooshee kidole, na waseme kwa sauti ya kufika barabarani: moja.

Binti yako asiyetulia,
Wakesho