Kiti Kimoja, Watoto Wawili

Magongo, Changamwe
2 Novemba 1961

Dada Dhahabu,

Shikamoo dada. Waonaje hali huko Nairobi, na kifua chako na baridi ile? Sisi huku twashukuru, ila mmoja wetu si mzima, na ndiye aliyenikalisha kuandika baada ya kimya cha mwaka. Najua kimya ni changu. Tulikosana kwa sababu hukuja matanga ya mama. Leo sitaki kuyarudia hayo.

Mwanangu Bakari, ambaye hujamwona, anakaribia kutimiza miaka miwili. Mwezi uliopita mama mkwe alimwinua mlangoni akaniita: "Mwanarehema, hebu tazama jicho la mtoto." Mboni ya kushoto inang'aa weupe, kama jicho la paka ukilimulika taa. Daktari wa kisiwani Mombasa amesema ni kivimbe ndani ya jicho. Lazima jicho litolewe, na kazi hiyo hufanywa Nairobi. Nikamuuliza tukichelewa? Akasema, "Kitafuata mshipa kiingie kichwani, na hapo sina la kukwambia."

Na mvua hizi, dada, reli imekatika huko bara na barabara ni tope tupu. Wenzake shemeji yako Mwinyihaji wa bandarini wamenichangia kiti kimoja cha ndege, Jumatatu tarehe 20. Hapa ndege zapita juu ya makuti yetu kila siku, lakini sijui hata mlango wake hufunguliwa vipi. Wewe umepanda mara nyingi na watoto wa memsahib wako. Nifundishe. Mtu hukaaje mle na mtoto mgonjwa na mchanga, Saumu wangu wa miezi minne, katikati ya watu wasiomtaka?

Mdogo wako,
Mwanarehema


Nairobi
6 Novemba 1961

Mdogo wangu Mwanarehema,

Marahaba, marahaba mara elfu. Kifua changu kizima. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika.

Hayo ya matanga tuyaache. Sikiliza ya ndege.

Usimnyonyeshe mtoto kabla ya kupanda. Mwache awe na njaa kidogo, umpe ziwa ndege inapoondoka na tena inapoanza kushuka, kwani hapo ndipo masikio huziba na watoto hulia kama waliochomwa. Bakari mpe kitu cha kutafuna. Buibui vaa, lakini ndani vaa gauni linalofunguka kifuani. Chukua nepi nyingi na matambara mawili makuukuu. Mtoto akichafuka usimbadilishe kitini, mpeleke chooni, nyuma kabisa. Miguu ya Bakari ishike isipige kiti cha mbele, maana hilo ndilo linalowakasirisha kuliko kilio.

Kubwa ni hili: wasalimie jirani zako kabla watoto hawajalia. Mtu aliyesalimiwa huvumilia. Wakilia, omba radhi mara moja tu, usiombe mara kumi kama mwizi. Na usimfinye mtoto. Nimeona kina mama wakiwafinya watoto wao kwa siri ili watu wafikiri wamewaonya. Margaret, mtoto wa memsahib wangu, alipiga kelele kutoka Mombasa hadi Nairobi na hakuna aliyekufa.

Tarehe 20 nitakuwa Embakasi, mlangoni, nimevaa sare yangu nyeupe ya uyaya. Usiogope. Wewe mlete tu mtoto.

Dada yako,
Dhahabu


Magongo, Changamwe
10 Novemba 1961

Dada Dhahabu,

Shikamoo. Nakuombea uzima. Huku uzima wapungua.

Jana nilikwenda kwenye ofisi ya ndege kisiwani. Karani akatazama tikiti, akawatazama watoto. "Mama, wewe una mapaja mangapi?" Nilidhani ananitania. Kumbe ndiyo sheria yao: mtu mzima mmoja, mtoto mmoja wa kupakatwa. Wawili hawakubaliwi, na kiti cha pili hakuna, watu wote wakimbilia ndege kwa ajili ya mafuriko.

Nimwache Saumu? Ananyonya, dada, hajui maziwa mengine. Tumejaribu kumpa ya kopo, akatapika mpaka akalegea. Mama mkwe asema hiyo ni ishara nisiende. "Mtoto hakatwi jicho. Mwandikieni aya za kombe anywe, Mungu ndiye mponyaji." Mwinyihaji aenda kazini, arudi, amkalisha Bakari magotini na kumfunika jicho zuri kwa kiganja, kisha amuuliza, "Baba yuko wapi?" Mtoto apapasa hewani. Jana nilimshika mkono nikamwambia asimfanyie hivyo tena.

Niambie la kufanya. Kichwa changu kimesimama.

Mdogo wako,
Mwanarehema


Nairobi
14 Novemba 1961

Mwanarehema mpenzi,

Salamu, na pole, na pole tena.

Usimwache Saumu. Sheria yao ni paja, haisemi paja la nani. Nenda kiwanjani mapema, kabla jua halijapanda. Wakianza kufika abiria wasio na watoto, waendee mmoja mmoja, uso wazi, useme kwa heshima: mwanangu huyu ni mgonjwa, huyu ananyonya, naomba umpakate huyu mdogo hadi Nairobi. Wengine watakukatalia. Usisimame kuwachukia, nenda kwa mwingine. Mimi niliwahi kumwombea hivyo mama mmoja wa Kihindi, na alipata.

Mkabidhi mtoto akiwa mkavu na ameshiba nusu. Mpe huyo mtu tambara begani hata akikataa. Mwambie jina la mtoto. Mtu akishajua jina hawezi kumshika kama mzigo.

Mama mkwe wako mheshimu, lakini panda ndege. Kombe anywe, na jicho litolewe.

Nitakuwa pale mlangoni.

Dada yako,
Dhahabu


Nairobi
Jumamosi, 18 Novemba 1961

Mwanarehema,

Sina hata salamu leo, nisamehe. Memsahib ameamka na simu kutoka kwao, baba yake yu mahututi. Anasafiri kesho kwenda Uingereza na watoto wote watatu, na amesema hawezi bila mimi. Nimemwambia habari zako, na siku ya Jumatatu. Akaniambia, "Ni majuma matatu tu, Dhahabu." Nyumba inafungwa, mpishi keshapewa likizo. Nimekimbilia posta nikuletee simu ya maandishi, nimekuta imefungwa.

Barua hii naitia sandukuni nikijua huenda isikuwahi. Ikikuwahi, mwambie Mwinyihaji atafute mtu yeyote wa kukupokea. Anwani ya huko nakwenda iko nyuma ya karatasi.

Ya Rabi, ikuwahi.

Dhahabu


Nairobi, hospitalini
29 Novemba 1961

Dada,

Shikamoo. Naandika kwa adabu tuliyolelewa nayo, si kwa moyo.

Barua yako ilifika Magongo siku mbili baada ya mimi kuondoka. Mwinyihaji kanitumia, nimeipata leo.

Nilifanya yote uliyonifundisha. Mama mmoja wa Kizungu aligeuza uso. Padri mmoja akasema ana mgongo mbaya. Wa tano alikuwa Mkamba aliyevaa suti, bwana Musyoka, karani wa reli aliyekuwa akienda kuhutubia mkutano wa wafanyakazi. Akanijibu, "Mama, sijawahi kushika mtoto nikiwa ndani ya suti." Nikamwambia, huyu aitwa Mwanasaumu. Akafungua mikono. Wakaandika kwenye karatasi zao kwamba ni mtoto wa Musyoka.

Walimkalisha safu tatu nyuma yangu. Ndege iliponyanyuka nikamsikia Saumu analia huko nyuma, na maziwa yakanitoka yenyewe yakalowesha gauni, nami nimefungwa mkanda na Bakari kanikaba shingo. Jirani yangu nilikuwa nimemsalimia. Hakuitika. Bakari alipotapika akapiga kengele akaomba kuhamishwa, na hakukuwa na pa kuhamia. Niliomba radhi mara moja, kama ulivyosema. Sikumfinya mwanangu. Nyuma kukanyamaza ghafla, nikadhani Saumu amekufa. Nikageuka nikamwona bwana Musyoka amemtia kidole mdomoni, amekichovya katika chai ya sukari, na hotuba yake yote imetapikiwa. Tulipotelemka akaniambia, "Sasa itanibidi niseme ya moyoni."

Nikamwambia dada yangu yupo mlangoni, nenda zako, asante. Akaenda.

Nilikaa kwenye benchi tangu saa nne hadi saa kumi na moja. Kila yaya aliyepita na sare nyeupe nilisimama. Mmoja nilimwita jina lako. Bakari alikuwa na homa, nepi zimekwisha, na kila mtu mle alijua anakokwenda. Nilijiambia umefiwa, umegongwa na gari, umefungwa. Kwamba umepanda ndege na watoto wa mtu mwingine, hilo halikunijia.

Bwana Musyoka alipomaliza mkutano wake alirudi kuuliza kama nimepokelewa. Ndiye aliyetufikisha hapa, na shemeji yake Pascalia ndiye anayenipa pa kulala.

Jicho lilitolewa Ijumaa. Nilimshika miguu hadi usingizi wao ulipomchukua.

Mwanarehema


Uingereza
9 Januari 1962

Mdogo wangu,

Salamu za upendo kwako, kwa shemeji Mwinyihaji na kwa wanangu. Hii ni barua ya tatu tangu nipate yako ile, na wewe huandiki. Nimeanza kuliogopa tundu la barua la mlango wa nyumba hii. Kila asubuhi barua zadondoka sakafuni, nami nazipanga za wenyewe.

Mara mbili nimekwambia nililazimishwa. Leo nitakwambia kweli. Memsahib hakunishika mkono. Alisema, "Usipokuja nitamchukua yaya mwingine, na nikirudi nitakuwa naye." Basi. Ningeweza kusema sawa, mchukue. Nilisimama pale nikakuwaza wewe na watoto, nikawaza kazi yangu ya miaka sita, nikaenda kufunga mizigo. Wakati wa mama ilikuwa vivyo hivyo. Hakuna aliyenifunga kamba.

Ndani ya ndege nilimpakata mdogo wao usiku kucha. Hakulia hata kidogo. Watu wakanisifu: yaya wako hodari, yaya wako hodari. Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikajiuma mkono.

Yale majuma matatu yamekuwa saba. Mzee hafi wala haponi. Memsahib asema tutarudi mwezi wa nne, pengine wa sita. Kuna theluji hapa, na hakuna mtu wa kuniambia hata hujambo kwa lugha yetu. Sikuandikii unionee huruma. Niambie Bakari yu hai. Niambie kama umenisamehe, au niambie hukunisamehe, lakini niandikie.

Dada yako,
Dhahabu


Magongo, Changamwe
2 Februari 1962

Dada Dhahabu,

Shikamoo. Hapa Ramadhani yaingia juma lijalo, Mungu atupe nguvu za kuifunga. Barua zako zote tatu zilifika.

Bakari yu hai. Tulirudi katikati ya Desemba. Jeraha limekauka vizuri. Mwanzo alikuwa akijigonga mlangoni upande wa kushoto, sasa amejifunza kugeuza kichwa, na akichokozwa na wenzake hupiga. Nilikuwa nimekaa kukuandikia hayo, niseme tumepona.

Juma lililopita nilimpeleka kwa daktari kisiwani atazamwe tu, kama walivyoagiza. Akamulika jicho la kulia. Akamulika tena, akazima taa, akakaa. Nikamwambia sema. Akasema kuna doa, dogo kama punje ya ufuta. Nairobi wanamtaka baada ya Idi. Likiwa limekua, na hili litatolewa. "Atabaki na uhai," akaniambia. Nimekubali. Nimetia dole gumba na sahihi yangu, vyote viwili, wasije wakasema sikuelewa.

Sasa twamwonyesha dunia. Mwinyihaji akitoka kazini hamkalishi magotini tena, humbeba begani wakazunguka mpaka giza: huyu ni punda, hii ni meli, ule moto, lile jua usilitazame. Mama mkwe, yule aliyesema mtoto hakatwi jicho, amefungua kasha lake na kutoa leso zake zote tangu za harusi yake, na kila siku huvaa moja, akaja kukaa mbele ya mtoto. Mimi humwamsha mapema ili anione uso. Bakari huchoka, dada. Yeye ataka kucheza. Huniwekea vidole mashavuni akanisukuma.

Umeniuliza kama nimekusamehe. Sijui. Kulijua hilo kwataka mtu akae chini, na mimi sina siku za kukaa.

Lakini nakwambia hili. Ananijua mimi, amjua baba yake, amjua bibi yake na Saumu. Hata bwana Musyoka alipita Jumapili, akavua miwani, akamwinamia akatazamwa. Ni wewe peke yako ambaye hajakuona. Wewe ndiwe mama yake mkubwa, sina dada mwingine.

Usingoje mwezi wa nne. Mwambie memsahib lolote, acha kazi, jitupe katika meli, mwombe mtu, uso wazi. Idi ni baada ya majuma matano.

Njoo akuone.

Mdogo wako,
Mwanarehema