Mama Ameuliza Kama Dawa Mpya Imefika Mbinga

Shemeji Kosmas,

Usicheke. Ni mimi, Mnyasa wako. Mimi niliyefika Lusaka na Beira, niliyekula sahani moja na maofisa wa forodha, leo nimekaa kwenye kigoda nje ya chumba cha mama yenu hapa Maguu, nakuandikia huku nahesabu pumzi zake.

Tangu uondoke, kahawa yako ya bondeni anaivuna dada yako, mke wangu. Dagaa wetu wa usipa nimeacha kuuza, yeye na mimi tumehamia kwa mama. Ule ugonjwa uliokula mifupa yako umemwingia na yeye. Analia kama ulivyolia wewe, meno yameumana, sauti haitoki. Muuguzi ametuletea mofini ya maji, chupa kama ile yako. Mama akaisukuma. Akasema, "Hiyo ndiyo iliyomzima Kosmas."

Shemeji, ni hiyo kweli? Muuguzi anasema kipimo chako hakikuzidi, ni ugonjwa uliokuchukua. Nikiwa na watu namwamini. Nikibaki peke yangu naisikia ile pumzi yako ya mwisho: inakwenda, inasimama, kama inafikiri, inarudi. Naisikia kwenye bati. Naisikia mashine ya kumenya kahawa ikizimwa.

Basi nikaanza kusomasoma kwenye simu, na muuguzi nikambana anifafanulie. Kumbe mofini ikiingia mwilini inakaa kwenye vipokezi, kama viti vilivyo juu ya seli zetu. Ikishakaa, maumivu yanatulia, ila dozi ikizidi na pumzi inalegea. Sasa wataalamu wameona baadhi ya vipokezi vinakaa viwili viwili, vimeshikana, na vikishikana tabia yake inakuwa nyingine. Wanatafuta dawa itakayokaa kwenye hiyo jozi tu, izime maumivu, pumzi iiache.

Unanijua, kitu nikikijua nusu nakifundisha kizima. "Mnyasa, mdomo wako ungekuwa wavu, ziwa lingeisha samaki." Si ulisema wewe? Kwa kuwa mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe, nilisimama nje ya pazia na kahawa mbivu mkononi, nikahutubia. Mama, nikasema, tunda ukiliminya unakuta punje mbili zimelaliana, ndiyo maana kila moja ina upande bapa. Ikiwa peke yake kwenye tunda, inakuwa ya mviringo. Na vipokezi navyo ni hivyo, kikiwa na mwenzake kinapata umbo jingine. Hiyo dawa itatafuta vile vilivyolaliana tu.

Dada yako aliniangalia kama mtu aliyeolewa na redio.

Mama akauliza, taratibu, "Mkwe wangu, hiyo dawa imefika Mbinga?"

Ulimi ulikuwa tayari: imefika mama, ndiyo hii kwenye chupa. Angekunywa, shemeji. Na mimi kutia chumvi si kazi ngeni. Lakini mtu anayekuuliza vile, akiwa kwenye maumivu yale, unamdanganyaje?

"Bado, mama. Bado wanajaribu kwa panya."

"Basi panya wana bahati."

Nikamwambia iliyopo ni ile ya zamani, kwa kipimo cha muuguzi na si tone zaidi. Akaniuliza kama na mimi naiogopa. Nikamjibu naiogopa sana. Nadhani hilo ndilo alilokuwa anangoja, mtu wa kuogopa naye.

"Utakaa hapo?"

"Nitakaa hapa, mama."

Amekunywa mchana huu, dada yako kamshikia kichwa. Amelala. Taya limelegea, uso wake umerudi kuwa wa mama. Mimi nje ya pazia nasikiliza, na humo ndani nakusikia wewe. Pumzi yake ikichelewa kidogo, jina linalonitoka ni lako.

Nakuomba, shemeji, toka kwenye pumzi ya mama. Nilikupenda sana, toka. Nakuahidi sitamwambia dawa imefika mpaka ifike, na kila akinywa hii iliyopo atanikuta hapa mlangoni, nikiogopa kwa niaba ya wote.

Lala salama, kaka wa mke wangu. Mimi sina using—

Ngoja. Imesimama.

Imerudi. Nenda tu, shemeji. Imerudi.

Mnyasa wako