Koti la Baba

Endarasha

Kaka Ngugi,

Huku baridi imechoma viazi vyote vya shamba la chini. Ng'ombe amezaa, ndama ni dume.

Yule daktari wa akili uliyemtafutia mdogo wetu Kingori, wa kumtibu kwa simu ya video, ni mtu mzuri, sina neno naye. Lakini kila mara kabla hajapiga, Mama alikuwa anamwogesha Kingori, anamvalisha koti la marehemu Baba na kumketisha kwenye kochi, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa ndani ya simu. Daktari akiuliza kama anakula, Mama anajibu, "Anakula vizuri." Angesemaje kwamba mtoto wake anakataa chakula cha mkono wake, ati kina sumu?

Jumanne daktari akasema anaona nafuu. Nikamfungua Kingori koti mbele ya simu. Daktari aliziona mbavu, akasema, "Nduta, huyu si wa kutibiwa kwa simu tena. Mpelekeni hospitali leo, alazwe."

Amelazwa Nyeri. Mama hasemi na mimi, ati nilimvua mtoto wake nguo mbele ya mtu wa nje. Lakini leo asubuhi alipika mukimo akanipa nimpelekee. Kingori aliufunika, akageukia ukuta. Niliumwaga, nikaosha bakuli, na nimemwambia Mama kwamba alikula wote.

Wewe siwezi kukudanganya. Njoo nyumbani.

Dada yako,
Nduta