Kamba ya Ndama Kumi na Wawili

Nkololo, Bariadi
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mjukuu wangu Danford,

Nani alikwambia nina ndama kumi na wawili? Mtu mzima, mhandisi wa barabara huko Mtwara, unakaa chini unagawanya kamba ya watu bila kuuliza ndama wako wangapi! Huoni aibu?

Haya, nakusalimu kwanza: mwadila. Habari za huko? Apolonia mkeo hajambo? Na mtoto, meno yameshaota? Mimi mzima. Goti linauma, lakini siandiki kwa goti.

Bunda la kamba lilifika. Jirani yetu Bujiku ndiye aliyelipokea stendi ya Bariadi. Ndani ulitia karatasi: mita thelathini, gawanya kwa kumi na mbili, kila ndama mita mbili na nusu. Bujiku akakata palepale stendi. Na zizi langu analipita kila asubuhi! Nikamuuliza, wewe huna macho? Akanijibu, "Bibi, mimi ni nani nibishane na karatasi ya msomi?"

Ndama ni watano, Danford. Watano. Hao kumi na wawili ni wa mwaka ule ulipoondoka. Ukame umechukua ng'ombe, wengine wamekwenda kwenye mahari ya mdogo wako Limbu, harusi ambayo hukuja. Hukuuliza. Na mimi kwenye simu nilikuwa nasema huku kwema, maana kila ukipiga una haraka.

Niliishia darasa la tatu, ila hesabu hiyo naiweza. Nilipanga mawe matano chini, nikagawa. Thelathini kwa tano ni sita. Kila ndama angepata mita sita, akafikia majani, akafikia na kivuli. Sasa kwenye mbili na nusu yako toa fundo la shingoni, toa na la kigingi, uniambie kinabaki nini.

Hakuna wa kuwachunga, ndiyo maana nawafunga. Siku ya kwanza saa tatu asubuhi majani yalikuwa yamekwisha, wakalia mpaka jua likazama. Nilikaa mlangoni nawasikiliza. Kaya nzima hakukuwa na sauti nyingine.

Vipande nimeviunga viwili viwili. Ndiyo hivyo, fundo linanasa kwenye visiki, natoka kulinasua na goti hilihili. Vipande viwili vimebaki. Nimevitundika kwenye msumari babu yako alipokuwa anatundika koti. Bujiku kaviomba, nimemnyima. Vya nini kwangu, sijui.

Dada yako Joyness alipita mwezi wa tatu, akalala siku moja. Shangazi yako Nyanjige wa Mwamanyili anakusalimu, na yeye anauliza kama bado una miguu. Msalimie Apolonia. Mbusu mtoto kwa niaba yangu, mimi sijamshika hata mara moja.

Mungu akulinde huko kwenye barabara zako, awape chakula na usingizi.

Ni mimi bibi yako, nakupenda hata nikikufokea,
Kwandu

Usinitumie tena kamba kwa basi. Ilete wewe mwenyewe, ikiwa nzima, kabla mvua hazijaanza, na mtoto uje naye. Utasimama zizini uhesabu ndama kwa kidole chako, mmoja mmoja, nikikuona. Ukimaliza kuhesabu, ndipo ushike kisu.