Papa, niliwafanya watoto wawili kuwa jina moja

Papa wangu mpendwa,

Tangu tukuzike sijawahi kukuandikia. Leo naandika kwa sababu naogopa, na nikiogopa nilizoea kukuambia wewe, baba yangu.

Unakumbuka ghala la mizigo pale stesheni ya Luena, ulipokuwa karani wa reli? Nilikuwa nakaa juu ya gunia nikikusomea majina yaliyoandikwa kwenye vifurushi: Kabange, Kabanga, Kabangi. Nikakuambia, "Papa, ni muntu moya tu, baliandika mubaya." Hukunicheka. Kila aliyekuja kuchukua mzigo ulimwuliza, "Mama yako njo nani?" Wakawa watu watatu kweli.

Sasa nafanya kazi ya kompyuta katika kituo cha afya hapa Kamina. Mwezi uliopita mbwa mwenye kichaa alipita katika kijiji kimoja nje ya mji akauma watu, wengi wao watoto. Mwalimu aliandika majina yao, katekista naye akaandika ya kwake, kila mmoja kwa tahajia yake. Mimi nilitakiwa kuyapanga yote kwa kufuata mpangilio wa daftari la kijiji, ili muuguzi wetu, Mama Béatrice, aite mtu mmoja mmoja kwa sindano. Niliandika programu inayolinganisha herufi: jina likikosewa kidogo, inalipeleka kwa lile linalofanana nalo zaidi daftarini. Dakika moja tu, orodha, liste kama tunavyoiita hapa, ikanyooka. Nilijivuna, Papa.

Siku ya tatu baada ya sindano za kwanza, Mama Béatrice alisimama mlangoni kwangu.

"Mwalimu anasema mbwa iliuma bantu kumi na moya. Liste yako iko na kumi. Mwingine iko wapi?"

Nikafungua karatasi za mwanzo. Ngoy Kasongo. Ngoie Kasongo. Ngoie hakuwamo daftarini, kwa hiyo mashine ilimsukuma kwenye mstari wa Ngoy, nami sikuangalia. Kichaa cha mbwa kikishaanza kwa mtu, hakina dawa.

Tulikwenda kwa pikipiki, kisanduku cha chanjo katikati yetu. Mama yake tulimkuta anapukuchua mahindi.

"Minyi nilikuwa nangojea muite jina yake," alisema. "Balisema liste inaisha."

Mtoto alikuja akichechemea kidogo. Ana miaka minane hivi. Nilimwuliza jina, ingawa nilikuwa nalijua.

"Ngoie. Ngoy njo mutoto ya tantine."

Yaani ni binamu: babu yao ni mmoja, na wote wawili wamepewa jina lake. Mama Béatrice aliosha kidonda kwa sabuni muda mrefu sana, kisha akamchoma sindano. Nikamwambia mama yule kwamba kosa ni langu, si la kijiji. Alinitazama.

"Atapona?"

Nilimwomba namba yake ya simu, nipige kila asubuhi.

Sindano zake zote zimekwisha sasa. Mama Béatrice anasema wanaochanjwa kabla ya dalili kwa kawaida huokoka, ila tungoje, maana ugonjwa huu unaweza kujificha kwa miezi. Programu nimeibadilisha: inauliza jina la mama, na haiunganishi watu wawili bila mimi kuthibitisha. Lakini hofu haikutoka. Simu ikilia nashtuka, na kila asubuhi mimi mwenyewe napiga kijijini kuuliza jambo moja: anakunywa maji? Kwa sababu ugonjwa ule ukianza, koo hukataa maji.

Leo mama yake alichoka nami.

"Weye unaogopa kupita minyi," akasema. "Sikia mwenyewe."

Akaweka simu karibu na mtoto. Nikasikia kikombe kikigonga meno, kisha maji yakishuka, funda baada ya funda, mpaka mwisho. Halafu mtoto akasema, "Ongeza."

Nililia, Papa, mbele ya wagonjwa wote kwenye foleni. Na kesho nitapiga tena.

Pumzika wewe. Mimi bado siwezi.

Kitinda mimba wako