Unga Wangu Mweusi Bandarini Bukavu

Yaya Espérance,

Mumeamukaje huko Goma? Mie hapa Bukavu nina kasirani, hata samaki sambaza zinanikwama kooni! Ule unga mweusi tuliotoa mu mabuye ya redio, zile betri zilizokufa, nikausaga nitengeneze elektrodi za kutunza umeme kule labo, maabara ya Lwiro, askari wa bandarini ameukamata niliposhuka mashuani.

"Maman, hii ni koltani!"

Mu vita hii ya madini kila kitu cheusi ni koltani! Na yeye ameanika mabuye ya redio yake juani yapate nguvu. Nikapasua moja mbele yake: "Ona, papa, ni unga ule ule!"

Akaita wenzake. Niliwaacha wanapasua yote, redio imenyamaza, kila mmoja anajiona tajiri.

Unisalimie watoto. Mabuye yaliyokufa musitupe, naanza upya.

Mudogo wako,
Béatrice